Gita langu la kwanza la umeme lililokuwa gita kweli

Heshima kwenu wakuu. Mleta mada kauliza mambo mawili: sisi tuliopiga muziki zamani tulishika lini gita la umeme la maana kwa mara ya kwanza, na yeye mwenye laki tano mfukoni anunue jipya la bei rahisi au lililotumika lenye jina. Wengi mmeshamjibu kwa kutaja makampuni. Mimi nitakwenda kwa urefu kidogo, kwa sababu wakati wetu hatukuwa tunaulizana gita gani. Tulikuwa tunaulizana gita la nani.

Vijana wa sasa mnaona kila mtu na begi lake mgongoni. Dansi la Tanzania halikuwa hivyo. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Bendi za watu binafsi nazo mambo yaleyale. Unaajiriwa, unakuta gita, unalipiga mpaka usiku wa manane, kisha linafungiwa stoo na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu. Kufanya mazoezi kwako? Kwa lipi? Ukiwa na bahati una gita kavu, lisilo la umeme, lenye nyuzi nne.

Ndiyo maana wanamuziki walihamahama sana. Watu wanasimulia kuhama kwa 1985, Hugo Kisima, mwenye bendi ya Safari Sound, alipowachukua kina Muhiddin Gurumo, Hassani Bitchuka na Abel Balthazar kutoka Mlimani Park na kuunda Safari Sound mpya, ile ya mtindo wa Ndekule, na kila mara hadithi inakuwa ya mishahara na ugomvi. Mishahara ilikuwepo, sikatai. Lakini waulizeni wapiga magita wa enzi hizo: mtu ukisikia bendi fulani imeshusha vyombo vipya, usingizi unaruka. Nimewahi kumwona mpiga besi akiacha kazi yenye nyumba kwa sababu ya amplifaya.

Na vyombo vipya havikuja hivihivi. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 hadi 1983, na Nairobi ndiko kulikokuwa na maduka na ndiko sahani za santuri zilikokuwa zikitolewa. Sisi huku tulirekodi Redio Tanzania, mkanda unabaki redioni. Fedha za kigeni zilikuwa shida nchi nzima, sasa nani akupe kibali cha kuagiza gita wakati hata sabuni hakuna? Ahueni ilianza 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Kabla ya hapo na hata baadaye, tegemeo letu walikuwa mabaharia.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu bendi za Atomic na Jamhuri Jazz zilikuwa habari za kila siku, na Mbaraka Mwinshehe, mpiga gita wa Morogoro Jazz, tulimsikiliza redioni kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari. Nilianzia gita la galoni la mafuta, nyuzi zake waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa. Hilo naliruka, wengi wenu mmepitia.

La umeme nililishika kwenye kibendi cha kupiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, pale mjini. Hilo ndilo nataka mleta mada alielewe, maana ndilo lililonifanya nijue zuri ni lipi. Shingo ilikuwa imepinda, kwa hiyo ukisogea zaidi ya freti ya tano (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) nyuzi zinakuwa juu kiasi kwamba ukikandamiza unazivuta na sauti inapanda. Vishikio viwili vya kukazia nyuzi vilikuwa vimevunjika, tukawa tunatuni kwa koleo. Na ukisimama karibu na taa za tyubu linanguruma kuliko unavyolipiga. Nyuzi mpya hakuna, za zamani tunazichemsha kwenye sufuria kutoa mafuta na kutu, tunazianika, tunazirudisha. Zinasikika mpya kwa usiku mmoja. Mama yangu mdogo aliyekuwa mwenye sufuria ana maoni yake kuhusu muziki wa dansi mpaka leo.

Gita la namna hiyo linakupangia mtindo bila wewe kujua. Mimi nilikuwa mpiga rizimu, gita la kuweka msingi wa wimbo, na watu walinisifu kwamba napiga chini, nzito, sitangitangi. Haikuwa hekima. Juu hakukuwa na kitu cha kupiga. Kila wimbo tuliutafutia mahali ambapo gita halidanganyi, waimbaji wakijikamua kufuata.

Nikaja Dar mwishoni mwa miaka ya themanini, nikaingia bendi ya mtu mmoja ya huku Temeke, jina naliweka kando. Pale kulikuwa na magita matatu na besi. Zuri lilikuwa moja na lilikuwa la mpiga solo, yule anayepita juu ya wengine. Rizimu unapewa lililobaki. Hiyo ndiyo ilikuwa ngazi, na hakuna aliyeilalamikia. Siku solo kachelewa mazoezini mkuu wa jukwaa akaniambia nishike lile nipashe vyombo moto. Nilipiga vitu vyangu vya kila siku, vilevile, vikatoka vimenyooka. Nikapanda freti ya saba, ya tisa, ya kumi na mbili, bado vimenyooka. Mpiga tumba akanitazama. Solo alipofika nikamrudishia bila kusema neno, lakini amani yangu iliishia hapo.

Ilinichukua muda kupata langu. Sitawachosha na habari za kudunduliza. Nilikuwa nafanya deiwaka, yaani kibarua cha siku, kwa bendi za watu siku ambazo sisi hatupigi, na baiskeli nayo ikaingia kwenye bei. Lilikuja na baharia wa Kurasini, limeviringishwa kwenye blanketi, halina begi, uzi wa pili haupo. Limeandikwa Aria Pro II. Jina sikulijua. Nilikuwa nimezoea kusikia Fender na Gibson kutoka kwa watu ambao nao hawajawahi kuzishika. Intaneti ilipokuja ndipo nikasoma kwamba yale magita yalitengenezwa na kiwanda cha Matsumoku, mjini Matsumoto, Japani, kiwanda ambacho kilitengenezea pia makampuni mengine yenye majina makubwa zaidi, na kikafungwa 1987. Kwa hiyo langu lilipofika Kurasini mama yake alikuwa ameshafariki. Morogoro Jazz waliwahi kwenda Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, nikawa nawatania wenzangu kwamba Mbaraka kalifuata Japani, mimi limenifuata hapa bandarini.

Lilikuwa na nini? Kwanza lilishika tuni. Mnaopiga peke yenu chumbani hamuwezi kujua uzito wa neno hilo. Dansi letu magita hayapigi kitu kimoja: rizimu anaweka msingi, sekondi solo anajibu katikati, solo anapita juu, na besi anazungumza na wote. Yanasukana kama ukili. Mmoja akishuka robo ya sauti, wote watatu wanasikika wabovu na msikilizaji hajui amlaumu nani. Wimbo unaanza taratibu, mashairi, halafu linaingia chemko, dakika nzima za kukimbiza, jasho linadondoka kwenye shingo ya gita, na hapo ndipo gita bovu linapokuumbua. Langu nililituni saa tatu usiku, tukafika mapumziko, nikaligusa kidogo tu.

Pili, halikunguruma. Pikapu zake, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zilikuwa za koili mbili, zimezungushwa kwa namna ambayo uchafu wa umeme wa koili moja unafutwa na wa koili ya pili, ule mtindo ambao Seth Lover wa Gibson aliubuni mwaka 1955. Ukumbi tuliokuwa tunapiga ulikuwa na nyaya za umeme za kutisha. Kati ya wimbo na wimbo nilikuwa naondoa mkono kwenye nyuzi nasikia kimya, nadhani waya umechomoka. Wapo wanaosema sauti ya koili moja ni tamu zaidi kwa muziki wetu, inang'aa. Nakubaliana nao. Lakini hao wanapiga kwenye umeme wa studio.

La tatu ndilo lililobadilisha maisha yangu: shingo iliyonyooka mpaka mwisho. Nilianza kupanda. Rizimu yangu ikaanza kuzunguka huku na huku, nikawa nashika sauti mbilimbili juu badala ya kodi nzima (sauti nyingi kwa pamoja) chini, mpaka mpiga solo akaniambia mbele ya watu, "Bwana mdogo, unaniingilia chumbani." Alikuwa na haki. Tulikaa, tukagawana shingo: yeye juu ya pale, mimi kati, na rizimu akatafutwa mwingine. Ndivyo nilivyokuwa sekondi solo. Baadaye nikajaribu na ule utundu wa Wakongo, unatoa uzi wa nne mnene unaweka mwembamba, unautuni oktavu moja juu, gita zima linageuka kengele. Kwenye lile gita la Tanga ningejaribu hivyo nisingepata hata sauti moja ya kweli.

Na kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mwenye bendi hakufurahi. Nilidhani atapenda, kapata chombo cha bure jukwaani. Alinipa pongezi, kisha akaanza kuniuliza nalala wapi, nafanya mazoezi na nani, kwa nini sikiachi kifaa stoo na vyombo vingine. Nilikuja kumwelewa taratibu. Mpiga gita asiye na gita haendi mbali. Mwenye gita akikasirika leo, kesho anapiga kwingine. Mshahara wangu haukuongezwa hata senti, ila sauti ya kuzungumza nami ilibadilika, na niliposema Jumapili siwezi, ikawa siwezi kweli. Wazee kama Said Mabera, aliyekaa na solo la NUTA mpaka Msondo miaka nenda miaka rudi, wana heshima yao ya kubaki nyumba moja, nami nawavulia kofia. Wengine tulihitaji kwanza uwezo wa kuondoka ndipo tukakaa vizuri.

Sasa mleta mada na laki tano zako. Maoni yangu, na wenye maduka mnisamehe: nenda na lililotumika, ila kwa masharti. Usinunue kwa picha. Nenda na seti yako ya nyuzi mpya mfukoni, za ukubwa wa 10, na mtu mwenye sikio. Liinue, tazama shingo kuanzia kichwani kama fundi seremala anavyotazama ubao. Kupinda kidogo si tatizo, ndani kuna nondo ya kurekebisha, lakini mwambie muuzaji aizungushe mbele yako. Ikiwa imegoma au imekatika, aga uondoke. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, kisha ukandamize hapohapo. Sauti mbili lazima zilingane. Zikipishana kidogo na vipande vya kwenye daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gita, vinasogea, linarekebishika kwa bisibisi. Freti zilizochimbika chini ya nyuzi nyembamba ni gharama, punguza bei au achana nalo. Swichi kukwaruza, waya kukatikakatika, hayo fundi redio yeyote wa Kariakoo anamaliza kwa risasi kidogo ya kuchomelea, wala usiogope.

Rangi na jina kichwani mwa gita weka mwisho kabisa. Na kama unakaa pwani kama sisi, chumvi ya hewa inakula nyuzi: kila ukimaliza, futa kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya kila uzi.

La mwisho, tenga kitu kwenye hizo laki tano kwa ajili ya amplifaya ndogo. Nimeona vijana humu wananunua gita kwa pesa yote halafu wanalichomeka kwenye sabufa ya sebuleni, inakoroma, wanarudi kusema gita ni bovu. Ukilipata la kuangalia, weka hapa picha ya kichwa, ya nyuma ya shingo pale inapofungwa na mwili, na ya freti kwa karibu. Wapo mafundi humu, na mimi nipo.