Safari ya Ndege ya Saa Tano: Je, Ruhusa ya Msafiri Inaondoka?

SWALI: Sheikh, mimi ni mama wa Mbagala na nina maradhi ya sukari. Ramadhani hii mwanangu ananipeleka Umra, inshallah. Ndege inaruka saa tisa usiku na inafika Jeddah asubuhi bila kutua njiani. Kijana mmoja mtaani amenionya nisithubutu kula siku hiyo wala kupunguza swala, kwa kuwa saa tano za kukaa kitini si safari. Nifanyeje?

JIBU: Mama yangu, swali lako limenihuzunisha, kwa sababu kauli hiyo nimeisikia zaidi ya mara moja na imewatia hofu wazee wengi. Wenye kuisema hushika hadithi kuwa safari ni kipande cha adhabu, kisha hudai kuwa adhabu ikiondoka, ruhusa nayo huondoka. Hadithi ni sahihi. Walichojenga juu yake ndicho kibovu. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imemtaja mgonjwa na aliye safarini, haikutaja uchovu. Ama kupunguza swala, aya ya 101 ya Suratun Nisaa imetaja hofu ya adui, na Ya'la bin Umayya, mmoja wa Maswahaba, alipomuuliza Umar mbona sasa watu wako salama, Umar alimjibu kuwa naye alilistaajabia jambo hilo, akamuuliza Mtume (s.a.w.), akaambiwa kuwa ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, ipokeeni. Ikiwa hofu iliyotajwa ndani ya aya yenyewe iliondoka na ruhusa ikabaki, vipi iondolewe na kiti laini?

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameandika katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii, kuwa anayeyakata masafa ya kupunguza swala baharini kwa saa moja, naye hupunguza. Masafa yenyewe ni maili 48 za Hashimi, kilomita 80 na kitu; kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni takriban kilomita 3,160. Na anayepima safari kwa uchovu atuambie: aliyekwama saa tatu kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, naye apunguze?

Basi, ukiwa uwanjani Kipawa bado uko mjini, na Isha utaisali kamili. Ndege ikiruka kabla ya alfajiri, siku hiyo waweza kula, kisha utailipa. Adhuhuri ikikukuta njiani kuelekea Makka, sali rakaa mbili. Ukinuia kukaa Makka siku nne au zaidi, ruhusa ya safari inakoma ukifika, na hapo inabaki ya ugonjwa: muulize daktari wako kabla ya kuondoka, na akikukataza kufunga, mtii, wala usione haya kula mbele ya waliofunga. Dawa na sindano zikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani, si kwenye begi la kwenye buti.

Tia udhu kabla ya kupanda, na mwambie mwanao akuamshe kwa Alfajiri. Sali umesimama ukiweza, ukielekea mbele, maana kutoka kwetu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na ndege inakwenda huko huko.