Video ya Dakika Moja ya Kampuni: Kwa Mwanafunzi wa Fildi Aliyepangiwa Kahawa Moshi

Wiki ya kwanza ya fildi haijaisha, bosi anakwambia: "Wewe kijana unajua mambo ya simu, tutengenezee video ya kampuni." Wengi hapo hapo huanza kutafuta kamera ya kuazima. Kamera siyo shida. Simu nzuri ya miaka ya karibuni inatosha kabisa. Video hizi hufia mahali pengine: hakuna aliyesema inatengenezewa nani, wala nani mwenye neno la mwisho.

Kwa hiyo keti na msimamizi wako robo saa, na karatasi moja. Nani ataitazama? Akishaitazama tunataka afanye nini: apige simu, aje dukani, au aagize kilo 20 za kahawa kwa ajili ya hoteli yake? Itaonyeshwa wapi? Nani ataikubali? Hilo la mwisho lijibiwe kwa jina la mtu mmoja, isiwe "uongozi". Andika majibu, msimamizi aweke sahihi, nawe ubaki na nakala. Utaihitaji siku mhasibu atakapotaka historia ya kampuni tangu ilipoanzishwa, meneja wa mauzo aina zote za pakiti, na mkurugenzi hotuba yake. Dakika moja haibebi yote hayo. Ukisoma Kiswahili kwa utulivu, dakika inakupa maneno kati ya 100 na 120, maana maneno yetu ni marefu. Andika 90, picha ipate nafasi ya kupumua.

Swali la itaonyeshwa wapi lina uzito wa pekee kwa anayeanza katikati ya Julai. Maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini hufanyika viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, na kilele chake ni tarehe 8 Agosti. Kama video ni ya runinga ya bandani, basi huna wiki nane za fildi, una tatu. Isitoshe, pale bandani hakuna atakayesikia neno, kwa sababu banda la jirani lina spika kubwa kuliko yenu. Video ya bandani lazima ieleweke bila sauti, kwa maandishi makubwa yasiyozidi maneno saba kwa mara moja.

Kabla ya kurekodi

Kaa siku mbili kiwandani bila kurekodi chochote. Beba daftari, andika kila hatua, saa inapofanyika na nani anaifanya. Utagundua kwamba kazi yenye sura nzuri haifanyiki muda wote. Kampuni inayokaanga na kufunga kahawa ina mashine moja inayovutia kuliko ofisi zake zote, na mashine hiyo huwashwa kwa ratiba. Mkaango mmoja huchukua takriban dakika 10 hadi 15. Buni huingia zikiwa za kijani, hugeuka manjano, kisha kahawia, halafu huanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Mkaangaji anapoona rangi anayoitaka hufungua mlango, na kahawa humwagika kwenye sinia la kupoozea ikitoa moshi mwembamba. Picha hiyo ndiyo itakayoshika video nzima, nayo hudumu sekunde chache tu.

Usijaribu kuipata yote kwa mkaango mmoja. Mkaango wa kwanza weka simu mbali, ionekane mashine na chumba. Wa pili weka karibu na sinia, chini kidogo, kahawa imwagike kuelekea kwenye lenzi. Wa tatu achana na kahawa, umchukue mkaangaji usoni anaponusa na kuamua. Kaa urefu wa mkono kutoka kwenye sinia, siyo karibu zaidi: simu ikipata joto hupunguza mwanga wa kioo, kisha huacha kurekodi. Makapi yanayopeperuka hunata kwenye lenzi, kwa hiyo futa kwa kitambaa laini kila baada ya mkaango. Ukisahau, picha zote za mchana zitakuwa na ukungu, na ukungu huo hauondoki kwenye kuhariri.

Kila picha ishike kwa sekunde 10 bila kutikisa mkono, hata kama utatumia 3. Kosa la kawaida kabisa ni kurekodi dakika tano mfululizo ukitembea huku na huku. Kwa dakika moja ya video unahitaji picha 15 hadi 20 zilizotulia. Kwa kila hatua chukua tatu: ya mbali, ya mikono inayofanya kazi, na ya uso wa anayefanya. Ukikosa ya mikono, huna pa kukata.

Taa zinazocheza

Hili huwasumbua wengi na hawajui sababu. Umeme wetu ni wa hertz 50, na taa nyingi za tyubu na za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini simu inaona. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, na hapo ndipo mistari myeusi huanza kutembea kwenye picha zako za ndani. Dawa yake ni fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Kama kamera ya simu yako haikuruhusu kuvibadilisha, pakua programu ya bure ya Blackmagic Camera. Ukihariri kwa programu ya DaVinci Resolve, weka mradi kwenye fremu 25 kabla hujaingiza klipu hata moja, maana ukishaingiza haikubali tena kubadilika.

Zaidi ya hapo, tumia dirisha. Mkalishe mtu akielekea dirishani, zima taa za ndani, kisha shikilia kidole usoni pake kwenye kioo cha simu mpaka alama ya kufunga mwanga itokee. Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana, upande mmoja wa uso huwa wa buluu.

Nje, jua letu la saa sita linasimama karibu utosini na kutia kivuli machoni. Rekodi kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Na mlima, ambao kila bosi wa Moshi anautaka, una saa zake: mara nyingi huonekana alfajiri kabla mawingu hayajapanda, na tena jioni. Julai unaweza kujificha siku kadhaa. Usiupangie siku moja. Tembea na simu yenye chaji kila asubuhi, na ukifunguka tumia lenzi ya kuvuta, maana ile ya kawaida hukifanya kilele cha Kibo kionekane kama kichuguu.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti mbaya haivumilii. Mashine ya kukaanga ina feni inayovuma, hivyo usimhoji mtu pale hata kama panapendeza. Nenda stoo. Magunia ya kahawa hunyonya mwangwi vizuri kuliko ukuta wowote wa ofisi. Kama kuna friji karibu, izime na uweke funguo zako juu yake, usije ukaondoka bila kuiwasha.

Maiki ndogo ya kubana kwenye kola inatosha, ikae shubiri moja chini ya kidevu. Kama huna, chukua simu ya pili, washa kinasa sauti, iingie mfuko wa shati wa mzungumzaji huku sehemu ya maiki ikitazama juu. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza, na mlio huo utakusaidia kuoanisha sauti na picha. Kwenye kipimo cha sauti, sauti ya juu kabisa ifike kati ya desibeli -12 na -6, isiguse sifuri. Sikiliza kwa spika za masikioni papo hapo, siyo jioni ukiwa nyumbani. Mwishoni nyamazeni wote na urekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 30. Ndio utakaoziba mapengo ukikata maneno.

Usimwandikie mtu sentensi za kukariri. Mkaangaji wa miaka mingi akipewa karatasi hugeuka roboti. Muamkie, kaeni kidogo, kisha muulize: "Baba, unajuaje kahawa imefika?" Atajibu, "Kwa mlio." Jibu hilo halisimami lenyewe, kwa sababu swali lako litakatwa. Mwombe kwa heshima aanze na jambo lenyewe: "Kahawa ikifika, naijua kwa mlio wake." Hizo sekunde nne ni nzuri kuliko hotuba yoyote.

Ruhusa

Akina mama wanaochambua buni waombe kabla ya kutoa simu. "Mama, nikichukua mikono tu bila uso, ni sawa?" ni ombi ambalo wengi hulikubali, na anayekataa muache. Sura ya mtu ni taarifa binafsi, nayo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kila anayeonekana usoni aweke sahihi kwenye fomu ya mistari mitano ya Kiswahili, inayotaja video itatumika wapi. Watoto usiwarekodi.

Droni achana nayo. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha wizara yenye dhamana ya ulinzi, na fildi yako huenda ikaisha kabla ya majibu. Ndani ya hifadhi, kurekodi kibiashara ni suala la kibali cha TANAPA. Muziki usichukue wimbo wa bongo fleva unaovuma. Tumia Maktaba ya Sauti ya YouTube na uhifadhi jina la wimbo na masharti yake.

Kuna maneno nayo ya kukataa kwa adabu. "Kahawa bora kuliko zote Tanzania" haithibitiki. "Kilimo hai" kuna cheti chake. Alama ya TBS ionyeshwe tu kama bidhaa hiyo yenyewe imethibitishwa. Muulize msimamizi vyeti viko wapi, uvione kwa macho yako.

Marekebisho na kukabidhi

Klipu zihamishe kwa waya, kamwe siyo kwa WhatsApp, ambayo huzibana na kuziharibu. Dakika moja ya video ya ubora wa 1080 huweza kula MB 130, kwa hiyo saa nzima ni kama GB 8. Weka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje inayobaki ofisini.

Marekebisho yapokee kwa maandishi, kutoka kwa yule mmoja aliyetajwa kwenye karatasi, yakitaja sekunde: "0:23, pakiti ya zamani, toa." Kubalianeni duru mbili tangu mwanzo. Faili lipe tarehe na namba, kama kahawa_0725_v3. Jina "mwisho" lisahau, utajikuta na "mwisho" saba.

Faili la kawaida liwe MP4 iliyobanwa kwa mfumo wa H.264, 1920 kwa 1080, kwa Mbps 10, yaani takriban MB 75 kwa dakika. Runinga nyingi za zamani hazisomi mfumo mpya zaidi wa H.265, kwa hiyo jaribu flashi kwenye runinga yenyewe ya bandani siku moja kabla. Toleo la wima la kutazamwa kwenye simu, 1080 kwa 1920, lihariri upya badala ya kukata pembeni, la sivyo mkaangaji atabaki bega. Kwa kutuma WhatsApp, tuma kama waraka.

Siku ya kuondoka kabidhi folda moja: mradi wa kuhariri, klipu zote, fomu za ruhusa, masharti ya muziki, na nenosiri la ukurasa kama ulipewa. Omba barua fupi inayokuruhusu kuonyesha video hiyo chuoni na kwa waajiri. Iombe siku hiyo hiyo, kabla msimamizi hajasaini ripoti yako.