Kelele za shata msikitini na kanisani: usiuze D750 yako kwanza

Mkuu, umesema una Nikon D750, sheikh amekukata jicho katikati ya khutba ya nikaha, na sasa unataka kuiuza uchukue mirolesi, yaani kamera isiyo na kioo ndani. Waliotangulia kujibu wote wamekwambia uza. Mimi napiga harusi hapa Dar, nimeitumia D750 kwa muda mrefu na baadaye nikaongeza mirolesi ya Sony, na nasema tulia kwanza.

Anza kwa kujua kinachopiga kelele ni nini. Kwenye kamera yenye kioo ndani kama yako, shata yenyewe, yale mapazia mawili yanayopitisha mwanga, ni sehemu ndogo tu ya mlio. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kinagonga, pazia la kwanza linafunguka, la pili linafunga, kioo kinashuka kinagonga tena, halafu mota inaikoki shata upya. Ule mlio ulioligeuza jicho la sheikh, sehemu kubwa ni kioo. Na dawa yake unayo mkononi: chini ya gurudumu la modi, upande wa kushoto, kuna gurudumu jingine dogo. Bonyeza kitufe chake cha kufungia, zungusha hadi herufi Q.

Watu wanaijaribu Q dukani, wanasikia "mbona bado inalia," wanaiacha. Hawajashikilia kidole. Kwenye Q, ukibonyeza na kuganda hapo hapo, kioo kinabaki juu. Hakishuki mpaka uachie, na kikishuka kinashuka kwa upole kuliko kawaida. Maana yake mlio umeugawa vipande viwili, na kile cha pili unaamua mwenyewe kitoke lini. Kwenye ijabu na kabuli, yaani tamko la kuozesha na la kukubali, bwana harusi ameshikana mkono na anayeozesha, watu wote kimya. Anapotamka "nimekubali," bonyeza, ganda. Ndani ya kitundu cha kuangalia utaona giza, usishtuke, picha imeshaingia. Subiri watu waanze kuitikia au waanze kumuombea dua, wakisema "amin" ndipo uachie. Kioo kinashuka ndani ya sauti za watu, hakuna anayesikia. Bipu nayo Q inaizima yenyewe, hata kama uliiwasha kwenye menyu. Ipo pia Qc ya kupiga mfululizo, hadi picha 3 kwa sekunde, lakini kwenye utulivu sioni kazi yake.

Wenye Canon 6D au 5D Mark III, yenu ni ile alama ya S kwenye modi za upigaji. Inapunguza vizuri tu, ingawa nayo lazima uiamshe mwenyewe, kamera haitakuamulia.

Jambo la pili ni mfululizo. Mlio mmoja watu wanausamehe na kuusahau. Unaokera ni ule wa trrrrr, picha nane za uso ule ule, halafu nyumbani unafuta saba. Piga moja, ngoja, piga nyingine.

La tatu halijaguswa na yeyote kwenye uzi huu, na kwangu ndilo kubwa: kipaza sauti. Msikitini au kanisani huchokozi masikio ya waliokaribu yako tu. Mbele ya sheikh kuna maiki, mbele ya padri kuna maiki, na bwana harusi amebandikwa kimaiki kifuani na mtu wa video. Ukipiga mita moja kutoka hapo, mlio wako unapita kwenye spika za ukumbi mzima, na unakaa milele kwenye video ya harusi katikati ya kiapo. Mtu wa video atakuchukia na ana haki. Kabla ya shughuli muulize ameweka wapi maiki na rekoda zake, kisha kaa mbali nazo. Nikiwa na lenzi ya kuvuta mbali, 85mm au 70-200, nasimama nyuma ya nguzo, napata nyuso vizuri kuliko yule aliyechuchumaa miguuni mwa maharusi.

Na sehemu zenyewe hazifanani. Msikiti una zulia na miili ya watu, sauti inamezwa. Kanisa la sakafu ya terazo na dari refu linarudisha kila kitu. Hata kuufungua mfuko wenye mkanda wa kunata unasikika hadi kwenye kwaya. Panapokuwa na mapangaboi, simama chini yake, ile hu-hu-hu inakusetiri. Kwaya ikiimba, piga utakavyo. Kwenye misa, wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapogeuzwa, shusha kamera kabisa. Hapo suala si kelele, na mapadri wengi watakwambia hivyo ukiwauliza mapema. Waulize mapema.

Vitu vidogo vya menyu: zima taa ya kusaidia fokasi, ile inayowaka usoni mwa bibi harusi, punguza mwanga wa skrini, zima ile tabia ya kuonyesha picha kila ukipiga. Lenzi nazo zina sauti. Nikkor za zamani za AF-D zinazungushwa na mota ya bodi, zinanguruma. Canon 50mm f/1.8 toleo la pili (II) ndiyo usiseme, inalia kama nyigu kwenye chupa. Ile ya STM iliyotoka 2015 ni tulivu.

Sasa mirolesi. Ni kweli shata ya kielektroniki haitoi mlio wowote, kwa sababu hakuna kinachotembea. Lakini kimya hicho kina gharama, na wanaokuuzia hawakutajii. Sensa ya kawaida, kile kipande kinachonasa picha, haisomi picha yote kwa mara moja. Inasoma mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Kitu kikikimbia katikati ya usomaji kinapinda: mkono wa anayecheza unatoka kama ndizi, gari linainama. Kwenye nikaha watu wamekaa, hilo halikuumizi. Kitakachokuumiza ni taa.

Umeme wetu ni hezi 50, na taa za tyubu na LED nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa inaona. Ukipiga kimya kimya kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, kila kundi la mistari linapata kipande tofauti cha mpepeso, na picha inatoka na mabaka ya giza yanayokatiza shela ya bibi harusi. Huwezi kuyasafisha kirahisi baadaye. Weka 1/100, kila mstari unapata mpepeso mmoja kamili, mabaka yanapotea. 1/50 nayo inafanya kazi, ikiwa mkono wako umetulia na watu wametulia. Wengi wanaweka 1/60 au 1/125 kwa sababu wameangalia video za Wamarekani. Wamarekani umeme wao ni hezi 60, mkuu. Namba zao ni za kwao.

Ujanja huo wa 1/100 unagoma kwenye taa za mapambo za rangi na kwenye skrini kubwa za LED za ukumbini, kwa sababu zile zina mipepeso yake isiyofuata umeme wa ukutani. Hapo mimi narudi kwenye shata ya kawaida bila kufikiria, na bahati nzuri ukumbini tayari MC anapiga kelele kuliko kamera zote. Kumbuka pia kwamba kwenye kamera nyingi flashi haifanyi kazi ukiwa kwenye shata ya kielektroniki.

Katikati kuna njia ambayo watu wanaisahau: pazia la kwanza la kielektroniki, la pili la kawaida. Mlio unabaki mmoja, mfupi, laini, na matatizo ya taa karibu yote hayapo. Ndiyo ninayoitumia zaidi kwenye Sony. Ukipanda 1/2000 huku lenzi iko wazi f/1.4, yale maduara ya mwanga nyuma yanakatika pembeni, lakini ndani ya msikiti hutafika huko.

Zipo sensa zinazosoma haraka sana, zikaondoa karibu matatizo yote haya. Sony A9 ilianza mwaka 2017, na Nikon Z9 ya 2021 ikaitupa kabisa shata ya chuma. Kwa bei zake, labda harusi zako ni za Masaki. Zamani wapiga picha wa seti za filamu huko Marekani walifunga kamera ndani ya kisanduku kigumu chenye sponji, kinaitwa blimpu, ili wasiharibu sauti. Nimeona mmoja humu anashauri ushone cha kwako kwa godoro. Usijisumbue, utashindwa hata kufikia vitufe.

Aliyesema "piga tu na simu" naye aangalie simu yake. Ayfoni za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaweza kuwa na mlio wa kamera usiozimika kwenye mipangilio. Fungua taarifa za simu, angalia namba ya modeli: ikiishia na J/A, ni ya huko. KH/A ni ya Korea, nayo hali moja.

Ukiona bado lazima ubadilishe, usikimbilie kuhama kampuni. Nikon D850 na D780 zinapiga kimya kabisa kupitia skrini ya nyuma, na lenzi zako zote zinabaki. Ukienda kwenye Z, mirolesi za Nikon, kwa adapta ya Nikon yenyewe, zile AF-D zitakupa picha lakini fokasi utazungusha kwa mkono.

Na ya mtumba usinunue kwa kusikiliza kimya chake. Weka shata ya kielektroniki, kasi 1/500, simama mbele ya mlango wa duka, izungushe kamera haraka kushoto kulia huku unapiga. Ukuze picha uangalie fremu ya mlango. Ikitoka wima, au imelala kidogo tu, sensa yake ina mbio. Ikilala kama mnazi wa ufukweni, hiyo ni ya watu waliokaa kitako, na bei ishuke.