Kombucha ya nyumbani: faida ninayoiamini na zile ninazozitilia shaka

Ukiuliza kuhusu kombucha kwenye makundi ya WhatsApp utaambiwa inaosha ini, inashusha sukari, inaotesha nywele na kufukuza saratani. Mimi naitengeneza jikoni kwangu Dar es Salaam na naipenda, lakini nyingi ya ahadi hizo zipunguze.

Ni chai ya rangi yenye sukari, iliyopoa kabisa, ikatiwa ule utando tunaouita mama pamoja na kombucha kidogo ya zamani. Hamira iliyomo ndani ya mama huyo inakula sukari na kutoa gesi na kilevi, kisha bakteria wanakigeuza kilevi hicho kuwa asidi, hasa ile ya siki. Ndiyo maana inakuwa kali na yenye mapovu.

Faida ninayoiona kila siku ni kwamba imeniachisha soda. Piga hesabu: natia gramu 60 za sukari kwa lita moja ya chai. Hata kama hamira isingegusa chochote, glasi ya mililita 200 isingezidi gramu 12. Chupa ya kola ya mililita 330 ina gramu 35 hivi. Ukiwa na kiu ya kitu baridi chenye gesi saa tisa mchana, tofauti hiyo si ndogo.

Habari za tumbo ni za wastani. Bakteria hai wamo, na mimi choo kinanyooka, ila sijaona kinachoishinda mtindi au togwa tuliyokulia nayo. Kuhusu kisukari, mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 12 waliokunywa kwa wiki nne, na sukari yao ya asubuhi ilishuka. Inatia moyo, lakini watu 12 ni wachache mno. Usiache dawa zako.

Sasa joto. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema subiri siku 7 hadi 14, lakini yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Hapa mwezi wa Januari anza kuonja siku ya nne. Ukichelewa unapata siki ya kachumbari (nayo haitupwi, jamani). Funika mtungi kwa kitambaa kizito, ukaze na mpira, kwa sababu vile vinzi vya ndizi mbivu vinapenya popote. Mama mpya atajitanda juu kama malai ya maziwa, mweupe na mwenye unyevu. Nyuzi za kahawia zinazoning'inia chini ni hamira, ziache. Ukiona manyoya makavu ya kijani au meusi, huo ni ukungu: mwaga vyote, pamoja na mama. Usijaribu kubandua tu pale palipoharibika.

Chombo kiwe cha kioo. Asidi hutafuna madini, na huko Australia kuna waliopata sumu ya madini ya risasi kwa kuchachulia kwenye chombo cha udongo chenye rangi ya kung'aa. Ukishajaza kwenye chupa, weka kwenye friji, maana chupa iliyofungwa ikisahaulika juani hupasuka.

Wajawazito, wenye kinga dhaifu na wagonjwa wa ini au figo waiache ile ya nyumbani. Wenye vidonda vya tumbo watajuta. Na asiyegusa kilevi kabisa, kwa dini au kwa uamuzi wake, ajue kidogo kimo, na cha nyumbani hakina mtu wa kukipima.

Mwaka 1995 huko Iowa, Marekani, wanawake wawili waliokuwa wakiinywa kila siku waliugua vibaya na mmoja akafariki. Haikuthibitishwa kwamba kombucha ndiyo chanzo, lakini wataalamu wa afya wa huko waliona kuwa kiasi cha mililita 120 kwa siku huenda hakimdhuru mtu mwenye afya njema. Anza na nusu ya hapo, baada ya chakula, usikilize tumbo lako wiki nzima kabla hujaongeza.