Hapa Kuna Mtu? Adabu ya Kiti kwenye Mgahawa wa Kahawa

Nikikaa na wapenda kahawa wenzangu hapa Dar, lalamiko huwa ni lile lile: bei. Kapuchino elfu sita, na kahawa tunalima wenyewe! Mimi bei haijawahi kuninyima usingizi. Kinachonikera ni viti.

Kabla sijaingia kwenye uhasibu wa biashara ndogo ndogo, kazi ninayoifanya sasa kwa kompyuta popote penye plagi, nilikuwa mhudumu kwenye mgahawa mmoja wa kahawa upande wa Mikocheni. Kwa hiyo nimehudumu na nimehudumiwa. Mpaka leo nikiingia sehemu, hasa hii migahawa midogo ya mtaani yenye meza sita saba, macho yangu hayaendi kwenye menyu. Yanatazama nani kakaa wapi, na kakaa tangu saa ngapi.

Nianze na hiyo bei kidogo, maana inaeleza mengi. Kikombe cha kahawa ya mashine, ile dabo, hutumia gramu 18 hivi za kahawa iliyosagwa. Kilo moja basi inatoa vikombe 50 na ushee. Piga hesabu mwenyewe: hata iwe kahawa nzuri kabisa ya Mbinga au ya Kilimanjaro, buni yenyewe ni sehemu ndogo ya elfu sita yako. Kinachobaki ni maziwa, ni LUKU (na ile mashine inakula umeme si mchezo), ni mshahara wa anayekuletea, ni kodi, na ni pango, ambalo wenye nyumba wengi wa hapa mjini wanalitaka la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Yaani sehemu kubwa ya unachokilipa ni kukaa. Ingekuwa ni kahawa tu, yule wa birika anapita na vikombe vyake vinalia, unakunywa kwa mia au mia mbili ukiwa umesimama.

Sasa kikombe kimoja kinakukalisha muda gani? Watu wanapenda kuuliza hivyo, kama vile kuna sheria. Ushauri wangu ni kwamba usitazame saa, tazama mlango. Kama watu wanaingia, wanazungusha macho, wanatoka, na wewe kikombe chako kimekauka mpaka povu limeganda pembeni, agiza kingine au nyanyuka. Lakini kama ni saa tisa mchana siku ya Jumanne, jua kali, mgahawa mtupu, kaa na hicho hicho kimoja mpaka magharibi. Hakuna unayemdhulumu. Tena unamsaidia mwenye mgahawa. Msimamizi wetu alikuwa akitutuma wateja wa mwanzo wa siku tuwakalishe dirishani, ili wanaopita waone kuna watu ndani, kwani mgahawa mtupu hauvuti mtu.

Oda ya pili, kwa taarifa yako, si lazima iwe kahawa. Maji, keki, hata andazi kama wanauza. Mhudumu hahesabu shilingi ulizotoa, anachotaka ni kuona kwamba bado uko kwenye biashara. Na ukijua utakaa sana, mwambie mapema: "Dada, leo nina kazi ndefu, nipe meza ambayo haitakusumbua." Hiyo sentensi imenipatia meza nzuri nyingi kuliko bakshishi yoyote niliyowahi kutoa. Atakupeleka pembeni kwenye plagi, na ikifika saa ya watu wengi hatakuja kukusimamia kichwani.

Wenye kompyuta wenzangu, machache tu. Meza ya watu wanne si ofisi yako. Waya wa chaja usikatize njia, mtu anapita hapo na trei ya vikombe vya moto. Na kikao cha mtandaoni kwa spika, jamani, cha nini? Mgahawa mzima unajua bosi wako kakataa bajeti.

Lakini kama kuna kundi lililonitesa nikiwa na aproni, ni kamati ya harusi.

Wote tunazijua. Jumapili alasiri anakuja mmoja, anasema tuko watano. Unamuunganishia meza mbili. Baada ya nusu saa wako kumi na wawili, mwenyekiti kafika na daftari, mweka hazina kafika na kitabu cha risiti, na viti vimeanza kukokotwa kutoka meza za watu wengine bila hata "samahani". Oda ya kwanza: maji makubwa mawili, glasi kumi na mbili. Wanakaa mpaka giza linaingia wakijadili ukumbi, pilau ya watu wangapi na MC ni nani, huku wateja wa Jumapili, ambao ndio wanaolipia wiki nzima ya sehemu kama ile, wanageuzia mlangoni. Halafu mwishoni wale wanne walioagiza chakula kila mmoja anataka bili yake, mmoja analipa taslimu, mwingine lipa namba imegoma mtandao, wa tatu keshaondoka akidhani shangazi atamlipia. Pale nilipofanya kazi mimi, upungufu wa meza ulikatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Nimewahi kulipia chipsi kuku za mjomba wa bwana harusi nisiyemjua mpaka leo.

Sisemi msikutane. Vikao ni maisha yetu, na sebule zetu ni ndogo. Ila pigeni simu siku moja kabla, muulize saa gani pametulia. Mara nyingi ni katikati ya wiki, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Semeni idadi ya kweli, na mkisema kumi na tano wakaja kumi, hakuna atakayenuna. Kubalianeni kiasi cha chini mtakachotumia kama kundi, hata kama ni chai na sambusa kwa kila mtu, kiingie kwenye bajeti ya kamati kama vinavyoingia vocha na usafiri. Na mtu mmoja ashike bili. Mmoja. Mnayemwamini na michango ya mamilioni hawezi kushindwa kushika bili ya chai. Haya yote yanawahusu pia wenzangu wa vikoba, na madalali wa viwanja wanaofungua ramani mezani watu watano kwa soda moja.

Turudi kwenye kiti kimoja kimoja. "Hapa kuna mtu?" ni swali dogo, lakini ukitaka kumjua mtu msikilize anavyolijibu. Kwa mama ntilie hatuna shida nalo: unasalimia, unasogea, mnakula wali maharage bega kwa bega na mtu usiyemjua. Mtu huyo huyo mpeleke kwenye mgahawa wenye kiyoyozi, anakuwa mwingine kabisa. Mkoba unapata kiti chake, kofia ya pikipiki kiti chake, na ukimuuliza anakwambia "yupo, anakuja". Anayekuja haji. Kama kweli unamsubiri mtu, mshikie kiti kwa robo saa, akichelewa achilia, atakapofika mtajua la kufanya. Na ukiona mtu kasimama na kikombe mkononi anatafuta pa kukaa, toa mkoba kabla hajakuuliza. Kumfanya mtu mzima akuombe kiti kinachokaliwa na mkoba ni kumdhalilisha bure.

Wewe unayeomba nawe, salamu kwanza. Akiwa mkubwa kwako ni shikamoo, akiwa wa rika lako habari za saa hizi inatosha, halafu ndiyo uulize. Ukishakaribishwa, umekaribishwa kwenye kiti. Mazungumzo yake hujakaribishwa, wala skrini yake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wanalisema chini chini, mimi nalisema wazi. Kuna migahawa, na sizungumzii mmoja, ambayo meza ya dirishani au ya kwenye bustani "imewekwa" ukiulizia wewe, na inafunguka akiingia mzungu. Limenitokea. Usipige kelele, maana ukipiga kelele habari itageuka kuwa kelele zako. Uliza kwa upole: imewekwa kwa saa ngapi? Meza iliyowekwa kweli ina saa na ina jina kwenye daftari. Wakibabaika, mwombe msimamizi, sema ulichokiona, na ukitaka kuondoka, ondoka kabla ya kuagiza. Ukishaletewa kikombe, meza ni yako. Wakikuomba uhame wanapaswa kuomba kweli, na wewe unaweza kukataa kwa tabasamu. Nikiwa mhudumu niliwahi kutumwa kumhamisha mtu katikati ya chakula. Sura aliyonitazama nayo bado naiona.

Kijiwe cha kahawa ni habari nyingine, na nashangaa wanaodhani hakina taratibu kwa kuwa ni benchi chini ya mwarobaini. Kina taratibu kuliko mgahawa. Nilipohamia Magomeni nilikuwa napita kwenye kimoja kila asubuhi, wanaume watupu, wazee wengi, drafti ya vizibo, mabishano ya Simba na Yanga ambayo nadhani yalianza 1936 na hayana dalili ya kwisha. Siku niliyoamua kunywa pale nilisema "shikamooni" kabla ya kusema kahawa. Mzee mmoja akawaambia vijana, "Mpisheni binti akae." Wakasimama wawili.

Ukitaka kukaa kijiweni, fahamu kwamba nafasi za ukingoni karibu na jiko zina wenyewe, hata kama hawajafika. Mtu akienda kuswali adhuhuri, pake panabaki wazi mpaka arudi. Kinachogombewa pale si kiti hata hivyo, ni kikombe. Muuzaji ana vikombe vichache anavyovisuuza kwenye ndoo, kwa hiyo usikumbatie cha kwako dakika ishirini kama uko mgahawani. Kunywa, rudisha, utamiminiwa tena. Hesabu unajihesabia mwenyewe: vitatu na kashata mbili. Na siku moja moja mlipie mzee aliye jirani yako, bila kutangaza.

Ramadhani ratiba hubadilika. Vijiwe huamka usiku baada ya tarawehe na benchi hujaa mpaka karibu na daku, kwa hiyo mgeni wa mtaa awahi au aje na kigoda. Mchana migahawa mingi huwa wazi lakini imetulia, nafasi tele. Kama hufungi, kunywa kahawa yako bila wasiwasi, ila chagua meza ya ndani, siyo ya barazani ambako waliofunga wanapita.