Mgao wa maji: anza na madumu manne, tenki litafuata

Kila mgao wa maji unapotangazwa Dar es Salaam, watu hukimbilia dukani kuulizia bei ya tenki. Mimi nakaa Kimara, huku juu mlimani, ambako bomba huwahi kukauka na huchelewa kurudi. Ushauri wangu: tenga kwanza madumu manne ya maji ya kunywa. Tenki litafuata mfuko ukiruhusu.

Piga hesabu. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga humo humo. Familia ya watu watano ni lita 75 kwa siku, kwa wiki lita 525, yaani madumu 26 na ushee. Ukiwa na vyumba viwili vya kupanga, utayaweka wapi? Lakini ukihesabu ya kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa kichwa, madumu manne ya lita 20 yanawavusha siku tatu. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu, unaolisha mabomba ya jiji, ulipopungua na mgao ukabana, mwenye akiba ya kunywa aliweza kuchagua. Alioga maji ya kisima yenye chumvi, lakini chai alipikia yake. Maji ya boza nayo, nani anajua yamechotwa wapi?

Chukua madumu yaliyokuwa na mafuta ya kula. Lililobeba rangi, dizeli au dawa ya shambani usilipokee hata kwa bure, harufu ikiisha sumu haijaisha. Oshea maji ya moto na sabuni, tia kokoto ndogo, tikisa mpaka ule utelezi wa ndani utoke.

Sasa mdomo wa chombo, maana hapo ndipo maji safi yanapoharibikia. Ndoo iliyo wazi inakaribisha kila mkono: mtoto katoka uani, anazamisha kikombe na vidole vyote. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Dumu lina mdomo mwembamba, unamimina, huchoti. Ukipata ndoo yenye mfuniko na koki, bora zaidi. Bibi zetu wa pwani walikuwa na mtungi na kata ya kifuu yenye mpini mrefu, mkono haugusi maji, na wala hawakuhudhuria semina yoyote.

Maji yakirudi usiku, usikinge ya kunywa papo hapo. Bomba likiwa tupu, kila penye ufa hunyonya maji machafu ya ardhini, na mkondo wa kwanza huja nayo yote. Hayo ya mwanzo kinga kwenye ndoo za chooni na za kudekia. Kisha kinga kwenye glasi, inua kwenye taa. Yakitakata ndipo ulete madumu. Hata hivyo yatibu. Chemsha mpaka yatokote sawasawa, au tumia vidonge vya klorini vya duka la dawa: soma pakiti, vingi ni kimoja kwa lita 20, na unasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Yakiwa na tope, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza, kwani uchafu hula dawa.

Madumu yakae ndani, kivulini, juu ya ubao. Jua likiyapiga yanaota ukijani. Mimi huandika tarehe kwa chaki, la zamani linatumika kwanza na kujazwa upya.

Pipa la kufulia lina hatari zake. Mbu wa dengue, aliyetusumbua jijini 2014 na 2019, anapenda maji masafi yaliyotulia, na mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa chombo hata maji yakiisha. Kumwaga peke yake hakutoshi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki.

Tenki la uani litie kufuli kwenye mfuniko na kwenye koki. Wezi wapo, lakini mimi nawaogopea zaidi watoto. Anayejifunza kutembea akiinamia ndoo anaweza kuzama kwa maji ya kina cha kiganja. Kama pipa halina mfuniko unaobana, lipindue likae tupu mpaka upate.