Yuko Double-A na ana miaka 24: atafika Ligi Kuu?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa hapa Texas, alisajiliwa mwaka 2023 akiwa mwaka wa tatu chuoni. Sasa ana miaka 24, yuko Double-A, ligi ndogo iliyo madaraja mawili chini ya Ligi Kuu, anacheza uwanja wa nje upande wa kushoto. Ana wastani wa kupiga wa .271 na homurani 14 (mipira aliyoipiga hadi nje ya uwanja), ila katika kila zamu 100 za kupiga anatolewa kwa straiki tatu, yaani mipira anayoikosa au kuiacha ikiwa halali, kama mara 31. Wazee nyumbani wanauliza ataingia lini Ligi Kuu ya besiboli. Niwaambie nini? – Mama Neema, Dallas

JIBU: Nzuri, Mama Neema. Waambie njia ipo, ila ni nyembamba, na kinachoibana ni hizo 31.

Katika Ligi Kuu wapigaji hutolewa kwa straiki kama mara 22 au 23 katika zamu 100, tena mbele ya warushaji bora duniani. Anayefikisha 31 akiwa bado Double-A, akipanda mambo huwa magumu zaidi. Ninapompima mpigaji wa aina hiyo, homurani naziweka kando kwanza. Nasubiri afikishe straiki mbili, kisha mrushaji atume ule mpira unaokuja kama umenyooka, halafu unapinda chini na kutoka nje. Akiufuata na gongo kila mara, napata wasiwasi. Akiuacha upite, mchezo baada ya mchezo, hapo naanza kumwandika vizuri. Jambo hili hufundishika, nimeliona, lakini linataka msimu mzima wa kazi.

La pili ni hapo anaposimama. Upande wa kushoto klabu humweka mtu anayepiga kwelikweli, na wanaogombea nafasi hiyo ni wengi. Kikosi cha Ligi Kuu kina wachezaji 26, na wa uwanja wa nje kwa kawaida ni wanne au watano. Yule wa nne mara nyingi huchaguliwa kwa sababu ana mbio na anaweza kusimama katikati mwenye nafasi hiyo akiumia. Kama kijana ana miguu, aombe kupangwa katikati, hata kama ni mara moja kwa wiki.

Umri usiwatishe sana. Vipaji vinavyotajwa zaidi hupita Double-A wakiwa na miaka 20 au 21, kwa hiyo hayuko mbele, lakini hajachelewa. Mike Yastrzemski, naye wa uwanja wa nje, alisota ligi ndogo tangu 2013 na kuingia Ligi Kuu Mei 2019 akiwa na miaka 28. San Francisco ikamweka kikosini, akapiga homurani 21 msimu huohuo. Adolis García aliachwa na Texas Rangers, timu ya hapo kwenu, Februari 2021. Klabu nyingine zote zikampita, akabaki, na mwaka huohuo akapiga homurani 31.

Tarehe ya kuangalia ni Novemba 2026. Kwa kuwa alisajiliwa 2023 akitoka chuo, klabu yake italazimika kuamua wakati huo: imwingize katika orodha ya wachezaji 40 ambao klabu huwalinda wasichukuliwe, au imwache wazi kwa klabu nyingine Desemba. Atakayemchukua hulipa dola 100,000 na kumweka katika kikosi cha Ligi Kuu msimu mzima, la sivyo amtoe arudishwe. Akiwekwa kwenye orodha ya 40, wazee wafurahi kwa haki. Akiachwa na asichukuliwe, bado ana kazi, ila mtakuwa mmejua klabu zinamwonaje.

Jambo moja la haraka: alikatiza chuo, kwa hiyo asome mkataba wake aone kama una kifungu cha kulipiwa masomo. Kikiwamo, masomo lazima yaanze ndani ya miaka miwili tangu aache kucheza, na ukipita muda huo fedha hizo hazidaiwi tena.